Mikate Miwili

Rochdale, saa nane usiku. Nakanda.
Mwenye duka, Bi Maureen Kershaw, kalala ghorofani,
nami huku chini na tanuri, redio,
na mchoro mmoja ukutani:
Jabez, babu wa babu yake, ndevu kama brashi,
kashika nguzo mbili.
Juu ya moja, mkate mnene kama mto wa kulalia;
juu ya nyingine, kimkate cha kuenea kiganjani.

"Ule mkubwa ni bei bila ushuru," aliniambia siku ya kwanza.
"Ule mdogo ni bei ya mabwanashamba."
Ndivyo walivyohubiri: fungueni bandari,
ngano ya ng'ambo ije ipimane nguvu na ya kwetu,
tumbo la mfumaji liwe hakimu.
Wengi hawakusoma kitabu. Walisoma mkate.

Mwaka arobaini na sita sheria ikafa.
Bendi zikapiga mpaka midomo ikavimba.
Baadhi ya wenye viwanda walichekea ndani ya kofia:
mkate ukishuka, mshahara nao utaijua njia.
Hilo halikuchorwa.

Na mtaa wa pili tu, miaka miwili kabla,
wafumaji ishirini na wanane, wakidunduliza peni kwa peni,
walishafungua duka lao: unga, siagi, sukari, mishumaa,
na mizani isiyosaidiwa na kidole.
Nao pia walisema ni uhuru.

Sisi tuna maneno mawili:
uhuru, wa kupandishia bendera,
na huria, wa soko.
Nilipomweleza Bi Maureen, akafuta miwani.
"Kwetu yote mawili yanalala chumba kimoja," akasema,
"ndiyo maana hayaachi kugombana."

Bibi yangu, kule Pangani, kitambaa alikiita marekani
hata kilipofumwa kando ya mto huu.
Bidhaa husahau kwao. Jina hubaki likidai.

Miaka ya themanini kijana wa suti alikuja kuazima nguzo;
mawazo yale yalikuwa yamerudi mjini, yamenyolewa ndevu.
Baba yake Maureen akampa, na chai juu.
Nyuma ya duka, kiwandani, mashine zilikuwa zinang'olewa.
Soko limeamua, wakaambiwa.
Hakuna aliyewahi kukutana nalo barabarani.
Mjomba Norman, naye, akauziwa nyumba ya halmashauri
kwa bei ya kutupa; akaupaka mlango rangi nyekundu,
akasimama nje akiutazama mpaka giza likaingia.
Furaha ile ilikuwa ya kweli. Siwezi kuikata nikaitupa.
Binti yake anapanga chumba mpaka leo.

Juzi, ndani ya pipa la unga la zamani,
tumeona daftari la Jabez. Mwandiko wa kuku, lakini wazi:
*Mkubwa: ganda tu, ndani majani makavu,
usimlemee mbebaji.
Mdogo: unga kamili.
Umeliwa na mtoto wa bendi kabla hotuba haijaisha.*

Bi Maureen alicheka mpaka akaketi.
Kisha akanyamaza muda mrefu.

Sasa kunapambazuka. Nje, mzee Crabtree
anahesabu sarafu zake chini ya taa,
anazirudia tena.
Naitoa mikate.
Mkate ulioiva, ukiugonga kitako, hulia kama mtupu;
ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ilivyo.
Nagonga. Nasikiliza.
Mmoja naukata, nihakikishe.