Mkoba

Nilimchoma sindano ng'ombe wa mjane Jamna
mwezi wa Jeth, mchanga ukiwaka
hata mbwa wakakanyaga kwa ncha za kucha.
Magoti yalikuwa yamemvimba, siku tatu hajainuka.
Dawa yenyewe, bei ya vikombe viwili vya chai.
Jioni akasimama, akala mabua,
na Jamna akanifunga uzi mwekundu mkononi.
Nani angeukataa uzi ule?

Siku ya tano akafa. Uzee tu.

Hukmaram akampakia kwenye mkokoteni wa ngamia
hadi uwanja wa mizoga, nje kidogo ya Bikaner,
akachuna ngozi, akakaa kando, akawasha biri,
akawaachia wenyewe.

Zamani wenyewe walishuka
kabla kisu hakijafutwa:
tumbusi mia, mia mbili,
shingo uchi kama mikono ya mkunga,
wakigombana kama warithi.
Biri mbili tatu, imebaki mifupa,
nzi hana pa kutua.
Hatukuwashukuru. Nani humshukuru mfagizi?
Tuliwatemea mate, tukawaita nuksi.

Mwaka ule walishuka sita.
Wakala, wakapanda mti wa khejri,
wakainamisha vichwa
kama watu waliopata barua wasiyoweza kuisoma.
Kisha wakaanza kudondoka.

Alikuja binti wa chuo, Ipsita, Mbengali mwenye miwani,
akampasua mmoja juu ya gunia, mbele yangu.
Figo zilikuwa nyeupe,
zimepakwa chokaa kama ukuta wa Diwali.
Akaniuliza, bila ukali:
"Ng'ombe akiumwa, hapa mnampa nini?"

Nikafungua mkoba.

Sasa mizoga ni ya mbwa,
na mbwa hawajui kumaliza.
Kinachobaki kinaoza, mvua inakitia kisimani.
Wamenenepa, wamezaana, fimbo hawaijui.
Majira ya baridi walimng'ata Gomti, mjukuu wa Hukmaram,
shavuni, njiani kwenda shule.
Tulikimbia naye mjini usiku, tukahesabu sindano zake,
na kila moja niliitazama ikiingia.

Ile dawa ilipigwa marufuku.
Ninabeba nyingine: ghali, ila ndege haimdhuru.
Wenye ng'ombe hulalamika. Nawaacha walalamike.
Bado wapo wanaouza ya zamani chini ya meza.

Jana Hukmaram alipiga simu, salamu hakutoa.
"Mmoja," alisema.
"Yuko kwenye khejri. Njoo umwone."
Akanyamaza. Nikasikia akivuta biri.
"Na huo mkoba wako
uache nyumbani."