Alama ya Kungoja

Oulu, Januari. Jua lilichungulia saa nne,
likaaga saa nane na nusu
kama mgeni aliyekataa kuvua koti.
Nimevaa soksi za sufu, mkate wa iliki nimeumega upande mmoja,
na mbele yangu mishale mitatu

>>>

inangoja.
Haisemi karibu, haiitikii hodi.
Inangoja tu, kama karani aliyekwisha chovya kalamu.

Programu hii huiita ganda.
Nje nako kumeganda: ghuba nzima, hadi kisiwani,
na wapo wanaovuka juu yake kwa magari
kwa kuziamini tarakimu zetu.

Mashine tunazo mbili.
Moja ya mchezo, humo vunja utakavyo.
Ya pili ya kweli, humo mna unene wa barafu,
sentimita kwa sentimita, usiku kwa usiku.
Nami, fundi wa kujipongeza,
niliingia kwenye faili la mipangilio,
ya kweli nikaipaka mishale myekundu,
ya mchezo kijani.
Nyekundu ni hatari. Nani asiyejua?

Oiva.

Wiki jana, zamu ya usiku, aliandika *futa*, akabonyeza,
na siku kumi na tisa za barafu
zikayeyuka pasipo joto.
Nyingi tulizirudisha kutoka kwenye nakala.
Tarehe sita na tarehe saba hazikurudi;
baridi ya siku hizo anaijua ghuba mwenyewe.

Nilimwuliza, hukuiona rangi?
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati,
akaipangusa tena, na haikuwa chafu.
"Saimi," akasema, "zote mbili kwangu
ni rangi ya chai iliyolala."

Miaka sita tunakaa meza moja.
Miaka sita nazicheka soksi zake zisizolingana.

Leo nimelifungua tena lile faili.
Nimefuta nyekundu, nimefuta kijani.
Nimeongeza saa, maana dirisha la hapa
halimwambii mtu kama ni asubuhi.
Kumbukumbu ya amri nimeirefusha, mistari elfu kumi,
ili kosa lisipate pa kujificha, langu likiwemo.
Kisha nikakaa nikitafuta neno.

Lugha yetu ina neno la herufi tatu, *jää*,
nukta tano juu yake kama theluji inayoanza.
Maana yake barafu.
Maana yake pia: inabaki.
Nimeliweka kwenye mashine ya kweli, mbele ya mishale,
na ile nyingine nimeiandikia *leikki*, mchezo,
neno refu, ili hata jicho lililochoka likwae.

Nimejaribu. Nimekosea mkato mmoja,
ganda likanigombeza mistari saba.
Nimeurudisha. Limenyamaza.

Oiva ameingia na theluji mabegani,
hakusema kitu, akavuta kiti.
Akaandika mbili jumlisha mbili.
Nne, ikajibu.

jää >>>

Akalitazama neno muda mrefu,
mkono umeinuka juu ya vibonye, haujashuka.
"Hili," akasema, "naliona."

Nikamsogezea nusu ya mkate.
Chini ya meza, soksi zake:
moja ya buluu, moja ya zambarau.
Nimetazama pembeni, nimekunywa kahawa.