Imekaa?

Fundi Oforo alipanda na pikipiki kutoka Kiborloni,
dishi mgongoni kama kobe aliyechelewa,
bomba, waya mita ishirini, king'amuzi ndani ya boksi
lenye maandishi asiyoyasoma mtu yeyote hapa Uru.
"Bure, mama," alisema. "Hakuna kifurushi.
Hakuna kukatiwa katikati ya taarifa ya habari.
Na picha yake, utahesabu nyuzi za shuka la Mmasai."
Mama alikuwa anahesabu noti.
"Bure ghali," alisema, akahesabu tena.

Tatizo lilikuwa mbingu.
Kihamba chetu hakina mbingu.
Kina migomba inayogongana mabega,
kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa,
na mparachichi uliosomesha watoto wanne
umesimama mashariki, palepale
simu ya Oforo ilipoonyesha kuna setilaiti.
"Tuupunguze matawi?"
Mama alimtazama mpaka akaweka panga chini.

Alizunguka. Nyuma ya zizi, juu ya bati, karibu na tangi.
Kila mahali jani.
Mwisho akasimama, akavua kofia, hakutaka kusema.
Mahali pamoja tu palikuwa na mbingu:
kwa Baba.
Pale tulipokata migomba sita mwaka juzi
ili jeneza lipite,
tukajengea, tukapiga vigae vyeupe,
hatukupanda tena.

Nilidhani Mama atakataa.
Aliingia ndani, akatoka na ufagio,
akafagia majani juu ya vigae.
"Usimkanyage. Chimba upande wa miguuni.
Kazi hii anaijua."

Anaijua.
Miaka yote ile ya antena,
ya mfuniko wa sufuria tuliofunga kwa waya juu ya mlingoti,
Baba alikuwa sauti nje ya dirisha.
Saa mbili kamili usiku, mvua za vuli au baridi ya Julai,
amevaa koti zito la chama cha ushirika,
anaigeuza dunia kidogo kidogo.
"Imekaa?"
"Bado!"
"Sasa?"
"Rudisha! Umepitiliza!"
"Imekaa?"
Na sisi mbele ya chenga tulikuwa wakatili.
Mtangazaji akiwa na vichwa viwili, tulisema bado.
Akibaki na kimoja na nusu, tulisema
hapohapo, usiachie.
Kuna fainali nzima hakuiona. Aliishikilia.
Aliingia mwishoni, vidole vimekufa ganzi,
akauliza nani kashinda.

Oforo alikaza skrubu ya mwisho,
akapaza sauti kutoka kaburini:
"Imekaa?"

Mama hakujibu haraka.
"Imekaa," alisema, taratibu,
kama anayemjibu mtu aliye chumba cha pili.

Na kweli ilikaa.
Mtangazaji ana kovu chini ya jicho,
poda yake imeishia shingoni.
Simba ana nzi puani, na nzi ana mabawa.
Jirani yetu Ndeshi alikuja kuona,
akavua viatu mlangoni kama msibani.
Mama alisogeza kiti nyuma.
"Wametukaribia mno," alisema.
"Zamani walikuwa wageni. Walibisha hodi."

Jana mvua ilishuka kutoka mlimani, ile yenye hasira.
Picha ikavunjika miraba miraba,
mdomo wa mtu ukahamia kwenye paji la uso,
sauti ikakatika katikati ya jina la waziri.
Mama akainuka, akasukuma dirisha,
akaita gizani kabla hajajikumbuka:
"Geuza kidogo!"

Mvua ilipiga juu ya bati, juu ya dishi, juu ya vigae.
Hakuna aliyecheka.
Kisha picha ikarudi, safi,
kila nyuzi mahali pake.

Mama alikuwa bado dirishani, mkono umelowa.
"Hapohapo," alisema.
"Usiachie."