Lifti ya Bwana Zmuda

Hapa kwetu mtu hapandi cheo, hupanda ghorofa.
Ya pili na ya tatu ni za wanaojikaangia mayai.
Ya tano, wanaofungwa vifungo kwa mikono ya watu.
Ya saba hatuitaji. Tunasema "juu", tunainamia supu.

Yote yamo kwenye mkataba, kurasa arobaini na moja.
Nilizisoma zote; nilikuwa mhasibu wa kiwanda cha kofia,
sitii saini gizani.
Ukurasa wa kumi na tisa: hakuna atakayehamishwa nje ya jengo.
Mchana ni ahadi. Usiku mwingine naisoma kama onyo.

Jengo lenyewe lilikuwa hoteli.
Matajiri wa Baltimore walicheza dansi pale tunapopimwa presha,
na sheria ya majengo ya kale inakataza kung'oa hata kitasa,
basi tunazeekea kwenye marumaru.
Mama yangu alifua mashuka hapa,
akiingilia mlango wa makaa.

Jirani yangu wa chumba 309 ni Leokadia Zmuda.
Februari walimpandisha mumewe juu.
Miaka hamsini na minane kitanda kimoja,
kisha ghorofa nne katikati yao.
Kila jioni anavaa koti, kofia, glavu,
kama mtu anayetoka kwenda mjini,
anabonyeza saba.
"Bi Leokadia, humu ndani hakuna baridi."
"Mwanamke haendi kuonana na mwanamume kwa ndara," akanijibu,
"hasa mwanamume asiyemjua."

Maana Bronek kamsahau.
Alianzia kwenye miwani, akaja kwenye jina la binti,
akafika kwake.
Mkono wake wa kulia tu ndio haukusahau.
Rosemonde wa zamu ya usiku ndiye aliyeuona
ukivuta hewa, kushoto kwenda kulia, mpaka mwisho.
"Anafunga mlango," alisema. "Ila mlango gani?"

Leokadia alicheka hadi akakaa chini.
Mwaka wa hamsini na sita Bronek alikuwa kijana wa lifti,
humu humu, vifungo vya dhahabu, shingo imenyooka kwa wanga.

Ile lifti ipo bado ukumbi wa chini,
kizimba cha shaba, kamba mbele, kibao: Usiguse.
Meneja, Bwana Haverkamp, alitaja bima.
Akataja bima tena.
Leokadia akavua glavu moja, taratibu, kidole kwa kidole,
naye akatoa ufunguo.

Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyeshika kamba.
Bronek aliinuka kwenye kiti cha magurudumu
kama aliyesikia kengele,
akasimama kando ya mpini, mgongo wima,
akavuta lango. Kraa! Likamwitikia.
"Ghorofa gani, bibi?"
"Ya tatu."

Akageuza mpini.
Hakuna kilichosogea; nyaya zilikatwa kabla binti yao hajazaliwa.
"Ya kwanza, kinyozi na magazeti.
Ya pili, dansi, angalia hatua."
Na sisi tuliobaki sakafuni
tukajikuta tunainua vichwa, polepole,
tukiwasindikiza kwa macho.

"Ya tatu. Tumefika."
Leokadia akatoka palepale alipoingilia.
Alikuwa na sarafu ndani ya glavu, robo dola,
bakshishi ya zama zile.
Bronek akaitazama, akavikunja vidole vyake Leokadia juu yake.
"Wewe usinipe," akasema. "Wewe unakaa hapa."

Siku hizi ni kila Ijumaa, saa kumi.
Juzi nilipanda mimi.
"Ghorofa gani?"
Sikuwa nimefikiria. Ulimi ulitangulia:
"Chini kabisa. Kwenye kufulia."
Akanitazama, mara ya kwanza akanitazama hasa,
mkono umeganda kwenye mpini.
"Huko lifti haifiki, bibi," akasema,
na akaona haya, sijui ya mwaka gani.

Nikashuka kwa ngazi.
Zipo mashine nane sasa, na rafu ya sabuni.
Nilikaa hadi mzunguko wa mtu mwingine ulipokwisha,
nikamkunjia mashuka yake.