Swali la Tisa

Fomu ya benki ina maswali kumi na manne.
Manane ya mwanzo nimeyajibu bila kunyanyua kalamu:
jina, Eneritz Lasagabaster;
bidhaa, vidole vya chuma kwa waliokatika vidole;
wafanyakazi, watatu, na mmoja wao ni mimi.

La tisa limenikalisha hadi kahawa ikapoa.
"Eleza faida za eneo ulilochagua."
Wameniachia mistari miwili.

Mistari miwili, kwa bonde zima!

Niandike nini, bwana mkopeshaji wa Bilbao?
Kwamba huku mvua hainyeshi, inaishi?
Kwamba mto wetu unaitwa Maji Meusi
na haukusingiziwa?
Karakana yangu iko ghorofa ya tatu.
Ndiyo, viwanda vya huku hubebana mgongoni,
mlima umebana huku, mlima umebana kule,
lori hurudi kinyumenyume hadi mlangoni pa kanisa.
Kodi ya pango ni nafuu kwa sababu dari linavuja
juu ya meza ya mhasibu,
na mhasibu ni mimi.

Lakini sikiliza ya Alhamisi iliyopita.
Saa tano asubuhi, oda ya Lyon imefika nusu sanduku,
kerezo ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia
na taya lake moja likapasuka.
Muuzaji akaniambia kwa simu, kwa upole wa daktari:
siku kumi na moja, na umwombe Mungu sana.

Nikashuka ngazi.
Ghorofa ya pili wanatengeneza vitasa.
Maixabel akaligeuzageuza taya, akalinusa, sikutanii,
akasema, "Hili si la saizi yetu. Nenda kwa Hilario."
Hilario yuko chini kabisa. Alianzia kwenye bunduki,
akahamia cherehani,
akahamia minyororo ya baiskeli;
kila soko lilipokufa alilizika
akarudi kazini kabla udongo haujakauka.
Hakuniuliza mashine ni ya kampuni gani.
Alivuta droo.

Droo ile, bwana, haimo kwenye ramani zenu.
Mna miaka sitini ya "usitupe, huenda likafaa":
nati, kamani, meno ya gia zisizo na mwenyewe,
na chini yake, limefungwa kwa gazeti lenye mafuta,
taya. Limezidi kidogo tu.
Akavuka nalo barabara, mpwawe akalipunguza unene wa unywele;
mpwawe akavuka nalo daraja
hadi kwa bibi Zuriñe, anayeusoma moto kwa rangi:
nyasi kavu, kahawia, shingo ya njiwa,
"toa sasa, toa!"
Saa tisa na robo kerezo ikazunguka.
Bei yake ilikuwa divai na samaki wa chumvi siku ya Ijumaa,
pamoja na matusi, kwa kuwa sikuitia grisi.

Hiyo ni faida? Niiweke safu gani?

Na lile jingine niliandike wapi?
Baba alizaliwa na vidole kumi
akastaafu na vinane.
Presi ilivichukua mwaka ule ule niliozaliwa mimi.
Chuma kimesomesha bonde zima
na karo yake kilijikatia chenyewe.
Kikohozi cha bibi Zuriñe, kwa mfano,
kinaingia upande upi wa hesabu?

Kidole cha kwanza kilipokamilika
sikuhangaika kutafuta mteja.
Alikijaribu pale pale mezani, akashika kijiko,
kijiko kikaanguka kwenye supu.
Akashika tena.
"Kiungo cha pili kimelegea," akasema.
"Mpe Maixabel akitazame."
Basi. Kwetu hiyo ndiyo pongezi.

Haya, bwana. Mistari miwili:
"Karibu na wasambazaji.
Kodi nafuu."

Swali la kumi: "Una dhamana gani?"
Nimeliacha wazi.
Nashuka kwanza kumuuliza Hilario.