Viti Viwili

Nduli, saa moja asubuhi. Baridi ya Julai
imeikaza zipu ya koti langu.
Fundi Ambakisye anaizunguka ndege nyeupe
kama mtu aliyekuja mnadani kununua ng'ombe:
anagonga ubavu, anasikiliza,
anachuchumaa, ananusa.
"Rangi hii ni ya juzi," anasema,
na anakwangua kwa ukucha.
Kutu inamjibu.

Mimi nilishaipenda. Nilishajiona
juu ya Ruaha Mdogo, viti vinne vya ngozi nyekundu,
mama nyuma, na shangazi Twilumba
na kidumu chake cha ulanzi
ambacho kifuniko kingefyatuka mawinguni.

Angani sina zaidi ya saa sabini na mbili.
Fundi ananiuliza, wala si kwa dharau:
"Oktoba, jua la saa saba, kiwanja cha majani kule Mufindi,
watu wanne, mafuta tele.
Hewa ya huku juu ni uji uliozidi maji.
Bawa litashika nini?"

Nyuma ya banda, chini ya turubai,
ipo nyingine. Viti viwili, bega kwa bega.
Mlango haufungi mpaka uusukume kwa kiwiko.
Kitabu chake kimeandikwa kwa wino,
mwandiko mmoja, miaka kumi na tisa:
*Oili imebadilishwa. Tairi la pua, jipya.
Panya ndani ya bawa la kushoto. Ametolewa.*
Nilimcheka yule panya.
Kisha nikanyamaza:
aliyemwandika panya
asingeficha ufa.

Fedha ni za misindano ya baba,
ekari sita, alizipanda mwaka niliozaliwa,
akafa miti ikiwa haijamzidi kimo.
Mei tuliiangusha yote. Kila kishindo
nilikipa jina: bawa. Gurudumu. Redio.
Bima. Bima. Bima tena.

Mama amefika, kilemba kichwani,
anahesabu kwa kidole kupitia kioo.
"Viwili. Na ukoo?"
"Kwa zamu, mama."
Hajibu. Anazunguka, anaugonga ubavu
vilevile kama fundi,
anauliza breki ziko wapi.

Sijatia saini. Fundi amewasha injini,
imekohoa mara mbili, imetulia,
majani ya kiwanja yamelala chali.
Nageuka kumtafuta mama nimuulize anaonaje;
yumo ndani, kiti cha kulia,
anapapasa pembeni,
anautafuta mkanda.