Alama ya Kumi na Mbili

Siku ya nne baada ya hitima
Shaame aling'oa bawaba za kasha kwa bisibisi,
maana ufunguo mama alikuwa akiufunga kwenye pindo la kanga
na kanga ile hakuna aliyekumbuka ilikwenda wapi.

Zilitoka nguo kwanza. Visutu viwili,
baibui la Iddi, shumizi yenye kiraka juu ya kiraka.
Salhiya akazigawa mafungu:
la majirani, la mafukara, la "hizi niachieni mie".
Fungu la tatu likawa kubwa kuliko yote.

Chini kabisa, kopo la maziwa ya unga
na daftari langu la darasa la nne,
lile nililochapwa kwa kulipoteza.

Mama alitolewa chuoni mapema.
Yasini aliijua kwa masikio, herufi hakuzijua.
Ndani ya daftari hamna jina hata moja.
Mna samaki, mna kitana,
mna mbuzi mwenye pembe moja,
na kila kimoja kina vijiti vyake, vitanovitano,
kama ua wa kuku.

Kibubu cha wanawake wa Limbani!
Elfu mbili kila Ijumaa, kuvunjwa Shaabani,
na mshika fedha ni yeye.
Tukahesabu kopo mara tatu. Zimetimia.

"Deni la maiti halilali," alisema Shaame,
tukakaa barazani tukiita mmoja mmoja.

Samaki ni Bi Kazija, aliyeolewa na mtu wa Kojani.
Kitana, Mwanakombo msusi.
Mbuzi alijijua mwenyewe: Bi Time alicheka
hata akajifunika mtandio.
"Kumbe Mize hajanisamehe!
Mbuzi wangu alimla mlangilangi wake,
mwaka gani ule, nyie hamjazaliwa."
Akacheka tena, na chini ya mtandio
kicheko kikabadilika.
Hakuhesabu pesa zake.

Kumi na moja walikuja.

Alama ya kumi na mbili ni mstari uliopinda
na nukta mbili ubavuni.
Salhiya anaona kikombe. Shaame anaona mtumbwi.
Mie naona sikio.
Hajakosa wiki, hata ile ya mvua kubwa
iliyokata njia ya Wete.
Tumeuliza sokoni. Tumeuliza hadi Jadida.
Bi Kazija asema: huyo ni mama yenu.
Bi Time asema: sivyo, yeye alishika tu, hakucheza.
Maalim katwambia tungoje mwaka.

Kasha limerudishiwa bawaba. Kopo limo.
Ijumaa iliyopita, sijui nilitumwa na nini,
nilitia elfu mbili, nikafungua daftari,
nikatafuta kalamu.
Mkono huu umesahihisha mitihani ya watoto wa watu,
umejaza fomu ya kifo chake bila kufuta neno.
Kijiti kimoja tu,
na kimenitoka kimepinda.